Mlango wa Baba Mkwe kwa Mkupuo Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe anataka mlango wa pande mbili sebuleni. Upande mmoja kanipa mimi, wa pili kampa shemeji, kaka wa mke wangu, seremala mwenzangu. Ijumaa zitasimamishwa mbele ya wakwe wote. Hapo ndipo watajua nani fundi!

Ubao mnene. Nikafungulia ruta, mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao, kasi ya mwisho, nikalizamisha jino lake lote. Moshi! Shemeji yeye anakata kidogo kidogo, anapuliza vumbi, anapumzisha jino, anarudia. Utadhani ananyoa mtoto mchanga. Akaniambia nami nifanye hivyo, la sivyo jino litaungua. Kelele za chura.

Jumanne, 4 Machi
Dawa ya joto ni maji. Nimeumwagia ubao ndoo nzima. Jino limepoa! Ubao umevimba. Nimeulalia. Utanyooka tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimechukua feni ya mke wangu, nimeielekeza kwenye jino. Vumbi lote likahamia kwenye mashuka yake aliyoanika. Amesema nirudishe feni kabla hajanirudisha mimi kwetu. Nimeirudisha, kwa heshima zangu.

Alhamisi, 6 Machi
Jino limegeuka bluu kwa joto, likakatika. Nimeazima la shemeji. Akanisihi niliteremshe taratibu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Alipogeuka tu, nikalizamisha lote. Mfereji umeungua, mweusi tii! Nakiri, moyo ulinishuka. Mke wangu amewaringia dada zake wiki nzima kwamba mumewe ni fundi. Nikapaka vanishi, roho ikatulia.

Ijumaa, 7 Machi
Wakwe wamejaa. Upande wa shemeji unang'aa. Wangu umepinda, unanuka jiko. Baba mkwe akanusa, akakohoa, akasema shemeji atengeneze pande zote mbili, wangu ukafungwe kwenye banda la kuku. Mke wangu akajifunika uso kwa mtandio. Iliniuma, jamani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefikiri vizuri. Sebuleni wageni huja mara moja moja. Bandani kuku wanapita kutwa, na hakuna aliyenung'unika. Tena shemeji kapewa pande mbili, kazi maradufu! Nani kashinda?

Leo baba mkwe kaleta ubao mnene zaidi, wa kitanda chake. Kasema nisiuguse. Ananipima moyo tu, namjua. Kesho nitautengeneza kabla shemeji hajaamka. Kosa langu nimeshalijua: jino lilikuwa fupi. Nimepata refu.