Mambamuntu wa Baa ya Papa Firmin

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba, 1975

Papa Aloys, mchoraji wa vibao hapa Nyawera, amekubali kunijaribu. Kwanza alikataa. Alisema msichana akipanda ngazi, watu watatazama ngazi, hawatatazama picha. Nikamwambia nitafunga vitenge viwili. Kazi yenyewe ni ukuta wa baa ya Papa Firmin. Anataka mambamuntu, nusu mwanamke nusu samaki, avute wateja na bahati. Ukuta ukipendeza, nabaki Bukavu kujifunza rangi. Usipopendeza, naenda Luhwindja kuuza dukani kwa mjomba, Tonton Isidore. Baba amesema hivyo mbele ya Maman, kwa hiyo ni kweli.

Jumanne, tarehe 8

Nimezunguka kutazama mambamuntu wa mtaa wote. Wote ni mmoja: mweupe, nywele hadi kiunoni, saa mkononi. Mwanamke huyo hakuna aliyewahi kukutana naye. Papa Aloys anasema ndivyo alivyo, na amenipa karatasi ya kunakili kabla hajaenda Bunyakiri kuandika kibao cha zahanati. Nimeikunja vizuri. Sitaitumia. Wangu atakuwa mweusi, na kitambaa kichwani, mtu wa hapa. Ila nahitaji uso.

Jumatano, tarehe 9

Uso umepatikana. Maman Godelive, mjane anayeuza ndakala, vidagaa vya ziwani, sokoni. Mashavu mapana, macho ya mtu anayejua utatoa bei gani kabla hujauliza. Kumwomba akae nimchore siwezi, namwonea haya. Mpango: kununua samaki kidogo kidogo huku nikimtazama. Nimerudi kwake mpaka akauliza kama kwetu tunafuga paka. Jioni baba naye akauliza kama maharage yamekwisha katika Zaïre nzima.

Ijumaa, tarehe 11

Mambamuntu wangu amekwisha. Nilichora nyuma ya pazia la magunia, hakuna aliyeona, Papa Firmin mwenyewe nilimzuia. Ni yeye kabisa, mpaka kidoti cha chini ya jicho. Kifuani nilishindwa kwa aibu, nikapandisha maji ya ziwa hadi mabegani.

Jumamosi, tarehe 12

Leo salongo, kazi ya umma ya Jumamosi. Mtaa mzima ulikuwa ukipita na majembe kwenda kusafisha mifereji. Nikaona ndiyo saa ya kutoa magunia. Nilitegemea watalalamika kwamba ni mweusi. Hakuna aliyelalamika. Papa Raphaël, fundi viatu, alitua jembe, akasema, “Lakini huyu si Godelive wa ndakala?”

Wakacheka. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata watoto wanalijua: mambamuntu hatajirishi mtu bure. Mwanaume anayepewa mali na mambamuntu huwa mpenzi wake wa siri. Na Papa Firmin ameezeka mabati mapya mwaka huu. Watu wote wakainua macho, wakatazama mabati.

Mkewe, Maman Adolphine, alitoka jikoni na mwiko. Akatazama ukuta, akamtazama mume. “Firmin, yale mabati nilikuuliza pesa umetoa wapi.” Papa Firmin aliapa kwa Bikira Maria kwamba hata ndakala hali. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji.

Jumapili, tarehe 13

Baada ya misa nilikwenda kumwomba Maman Godelive msamaha. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Hakunipa nafasi. Alisema wanawake wanakuja kugusa beseni lake wapate bahati, na jana samaki walikwisha kabla ya mchana. Lalamiko lake ni moja tu: “Mutoto, juu ya nini umenikondesha?” Nikamuuliza kuhusu maneno ya watu. Akasema yeye ni mujane, nimuache asemwe kidogo.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Maman Adolphine alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba. Anataka uso wake uwe pale ukutani. Kama kuna mutajirishaji mu ile nyumba, amesema, ni yeye.

Jumanne, tarehe 15

Maman Adolphine alikaa nimchore asubuhi yote, mikono amekunja, akinitazama anavyowatazama walevi saa ya kufunga. Papa Aloys amerudi, akaninong'oneza nimpendezeshe kidogo. Nimefuta uso wa Maman Godelive, nikachora nilichokiona. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Alhamisi, tarehe 17

Wateja hawaji. Papa Raphaël aliingia, akafunguliwa chupa, akainua macho, yakakutana na ya Maman Adolphine. Akakumbuka kuna mgonjwa wa kumtembelea. Wengine walijaribu kukaa wakiupa ukuta mgongo, halafu wakahamia baa ya ng'ambo. Wanasema mgongo nao unaona. Maman Adolphine peke yake haoni kosa.

Mchana Papa Firmin alileta chokaa. Papa Aloys alifuta kila kitu, akatoa karatasi yake, na jioni kukawa na mwanamke mweupe, nywele na saa. Watu wakapiga makofi. Wakasema sasa huyu ndiye mambamuntu.

Papa Aloys hakunigombeza. “Ma fille, mukono uko nao. Lakini mutu hakunywi bia mbele ya mutu anayemujua.” Akanisindikiza hadi nyumbani, akamwambia baba kwamba hataweza kunichukua. Baba akaenda kuuliza lori la Luhwindja. Nililia chini ya blanketi, Maman asisikie.

Jumapili, tarehe 20

Niko Luhwindja. Tonton Isidore ni mtu mwema. Duka lake lina ukuta mtupu unaotazama barabara, na anataka nichore hapo mwanamke akioga kwa sabuni anazouza. Habari za Bukavu amezisikia. Amenisihi kwa upole: mwanamke tu, asiwe mtu. Nimekubali.

Njiani nilifikiri sana, na kosa nimeliona. Nilichagua mfanyabiashara wa sokoni, mtu ambaye kila mlevi anaweza kumtungia maneno. Safari hii nitachagua mwanamke mwenye heshima, ambaye hakuna atakayethubutu kumsema vibaya. Nimempata leo kanisani, benchi la mbele. Ni mke wa katekista. Ana mabega mazuri sana.