Aya kwa Kila Mlango

Jumatatu, 8 Septemba

Mchungaji Mwero ametangaza leo baada ya maombi ya jioni. Kiongozi mpya wa huduma ya nyumba kwa nyumba atatajwa Jumapili. Tumebaki wawili: mimi na Nafula, msusi wa hapa Ukunda. Kiongozi ndiye anayechagua aya zitakazosomwa na kundi zima kwa mwaka mzima. Kazi hii nimeitaka tangu nihamie huku kutoka Vihiga, miaka sita sasa. Kipimo ni kimoja. Tutapelekwa kijiji cha Mwabungo, na atakayealikwa kurudi na nyumba nyingi zaidi kufikia Jumamosi ndiye kiongozi.

Nafula ana aya tatu tu. Nimemuuliza mwenyewe. Ya tatu haikumbuki vizuri. Anasema zinamtosha.

Mimi ni mtunza stoo wa hoteli. Najua kwamba mpishi akiomba samaki humpelekei gunia la sukari kwa sababu sukari ni tamu. Kila mlango na aya yake. Nimenunua kadi mia moja na kalamu za rangi nne. Kijani ni wagonjwa. Nyekundu ni wagomvi. Bluu ni wenye huzuni. Njano ni wengineo.

Kasoro ni moja. Nitamjuaje mgonjwa na mgomvi kabla sijapiga hodi?

Jumanne, 9 Septemba

Jibu limepatikana. Maimuna, mama anayeuza mahamri na mbaazi penye njia ya kuingilia Mwabungo. Hakuna nyumba asiyoijua. Nimekula mahamri manane ili asichoke kuzungumza. Nimejaza kurasa tatu: nani anaumwa, nani ana mabinti, nani ana hasira asubuhi, nani anapokea wageni vizuri.

Aliniuliza, "Kaka Gerishom, yote haya ya nini?" Nikamjibu ni jambo la heri, ila la faragha, atalijua wakati wake ukifika. Akanitazama kwa muda. Kisha akanipa hamri la tisa bila kuombwa. Mama mkarimu.

Nimeanza na Mzee Abdulwahab, karani mstaafu. Tumbo linamsumbua tangu Ramadhani. Kwa tumbo aya ipo wazi kabisa: 1 Timotheo 5:23. Kadi ya kijani.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaanza kuuliza hali ya nyumbani, kazi, mvua za Vihiga, afya ya mama. Nikamkatiza kwa adabu, maana nilikuwa na nyumba tatu kabla ya magharibi. Nikasoma. Paulo anamshauri Timotheo asinywe maji tu, atumie na mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Nilipofika kwenye mvinyo ndipo nilipoiona tasbihi mkononi mwa mzee.

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Huyo Timotheo, mwanangu, tumbo lilimwanza lini?" Nikasema zamani sana. Akasikitika kweli. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha tangawizi, akasema nimpelekee achemshe asubuhi na jioni. Na mvinyo aache kabisa, ndio unaomchoma.

Sikualikwa kurudi. Kwenye fomu ya ripoti ya huduma nimeandika: Mwenye nyumba ameonyesha kumjali Timotheo.

Nafula: nyumba mbili. Mimi: hakuna.

Jumatano, 10 Septemba

Maimuna amenieleza kuhusu Mzee Ngala. Ana upara tangu ujana, na watoto wa jirani humcheka. Jambo hilo linamuuma. Nilikaribia kuruka. Aya ninayo! 2 Wafalme 2, nabii Elisha na wale vijana waliomcheka upara wake. Ni nani mwingine Ukunda nzima angeikumbuka? Si mtu wa aya tatu.

Nilisomea barazani. Mzee Ngala alisogeza kiti. Wajukuu zake watano nao wakasogea, pamoja na wale wa jirani. Nilipofika kwa wale dubu wawili waliotoka msituni wakawararua watoto arobaini na wawili, kilio kilianza upande wa kushoto, kikasambaa. Mkubwa wao aliuliza kama dubu wapo Shimba Hills. Mimi ni mtu mkweli. Nikamwambia tembo wapo kwa hakika, chui nimesikia, kuhusu dubu sina taarifa.

Bibi yao alitoka jikoni na mwiko.

Mzee Ngala peke yake ndiye aliyefurahi. Aliniomba nisome tena, polepole, nikiwatazama watoto. Alisema nirudi hata kesho. Mkewe alisema nisirudi hata mwakani. Nimempigia simu mchungaji kuuliza kama hiyo inahesabika nusu. Amesema hakuna nusu.

Nafula: nne.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemfuata Nafula ili nijifunze hila zake. Nilichokiona ni hiki. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena. Akakaribishwa. Akaulizwa hali, akajibu. Akauliza hali, akajibiwa. Mama mwenye nyumba alikuwa anajiandaa kukuna nazi. Nafula akakalia mbuzi, akakuna yeye. Nazi mbili! Wakazungumza kuhusu mgongo wa yule mama, mwanawe aliyeko Mombasa, bei ya unga. Dakika arobaini na mbili kwa saa yangu, na Biblia bado imo mkobani. Mwishowe ni yule mama mwenyewe aliyesema, "Haya mwanangu, si ulikuja na neno? Hebu tusikie."

Nimemwandikia mchungaji ripoti kwamba muda wa huduma unapotezwa kwenye nazi. Amenijibu kwa ujumbe mfupi. Ameuliza nilisimama nyuma ya ule ua kwa muda gani.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku kubwa!

Asubuhi Maimuna aliniita kabla sijafika kwenye meza yake. Alisema niende kwa Mzee Mwinga leo saa kumi, wote watakuwepo. Nyumba haina kanisa. Ina kisima, pekee chenye maji matamu upande ule. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba binti yao Kanze ni mwalimu wa chekechea, mpole, hajachumbiwa, anaamka mapema. Niliandika kisima. Mengine hayakuhusu huduma.

Sijawahi kupokewa hivi. Ua ulikuwa umefagiwa. Mikeka mipya. Shangazi watatu wamejifunga leso ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Pilau, soda, maji ya kunawa yaliyoletwa na mtu aliyepiga magoti. Wakaniuliza ukoo wangu, kazi yangu, kama nakunywa pombe, kama nina madeni, kama ukoo wetu una kifafa. Nilijibu yote. Watu wa Pwani wana adabu ya kumjulia mgeni hali kwa undani. Shangazi mmoja aliuliza mbona nimekuja peke yangu. Nikasema kazi hii naifanya vizuri zaidi nikiwa peke yangu. Walicheka sana, wakafunika midomo.

Mzee Mwinga akauliza kilichonileta. Nikakitazama kisima, nikatoa kadi ya njano. Mwanzo 24: mtumishi wa Ibrahimu anafika kisimani kumtafutia Isaka mke, na binti anatoka na mtungi begani. Nilisoma sura nzima. Aya sitini na saba. Rebeka alipowanywesha ngamia, shangazi mkubwa alijifuta machozi. Zilipotajwa bangili za dhahabu, wote waliutazama mkoba wangu.

Nilipofunga Biblia, vilipigwa vigelegele. Miaka sita ya huduma, na sijawahi kuona aya ikipigiwa vigelegele.

Mzee aliuliza kama nimeiona nyumba na nimeridhika. Nikamwambia nimezunguka Mwabungo yote, nyumba kama hii sijaipata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi kesho uje na watu wako."

Nafula ana sita. Lakini hizo ni nyumba za kukuna nazi. Kesho nakwenda na Mchungaji Mwero mwenyewe, na Nafula pia, aone.

Jumamosi, 13 Septemba

Tulikwenda watano: mimi, mchungaji, Nafula na waimbaji wawili. Tulikuta watu wapatao thelathini. Mchungaji aliguswa. Alininong'oneza kwamba labda alikuwa hajanielewa. Nilimwambia hilo nimelisamehe.

Akaomba. Wakaitika amina. Kisha kaka yake Mzee Mwinga akasimama, akatushukuru kwa kuja na kiongozi wa dini badala ya wazee walevi, akasema sasa tuingie kwenye mambo yenyewe: mbuzi wangapi, na mitungi mingapi ya pombe ya mnazi.

Mchungaji akaniangalia. Mimi nikakiangalia kisima.

Nafula ndiye aliyeelewa kwanza. Aliuma pindo la leso yake, mabega yakawa yanatikisika. Mchungaji alisema, kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya vigae vya chupa, kwamba huenda ndugu Gerishom hakujieleza vyema. Kaka mtu akashangaa. Si ni huyu aliyeulizia nyumba wiki nzima kwa Maimuna? Si ni huyu aliyesema ni jambo la heri? Aliyesoma habari za posa tangu kisimani hadi hemani? Ukiulizia nyumba hivyo huku kwetu, alisema, hata mwendawazimu anajua umekuja kuoa.

Nilitaka kueleza mpangilio wa rangi. Mchungaji alinikanyaga mguu.

Ndipo Kanze mwenyewe akatoka ndani, akaomba wazee wamruhusu aseme. Alisema anashukuru kwa heshima. Hata hivyo, anafundisha wajukuu wa Mzee Ngala, na kwa siku mbili hakuna mtoto darasani anayekubali kwenda chooni bila kushikwa mkono, kwa sababu ya dubu. "Na mtu aliyefanya hivyo ndiye huyu. Baba, nipe hata mwenye madeni."

Shangazi waliangua kicheko, isipokuwa yule mkubwa, aliyekuwa amenunua leso tatu. Nilijua nyumba imekwenda na uongozi umekwenda. Hatimaye Mzee Mwinga alisema mgeni hafukuzwi akiwa na njaa, chakula kiletwe.

Tulikula. Hakuna aliyekaa karibu nami. Nafula aliingia jikoni, akaosha vyombo na shangazi wote watatu, akatuombea radhi mmoja mmoja. Tulipoondoka wakamshika mkono, wakamwambia arudi Jumanne awasuke, na aje na neno.

Ya saba. Kwenye nyumba yangu!

Jumapili, 14 Septemba

Nafula. Kanisa zima limepiga makofi. Nimepiga pia, kwa kasi ya wastani.

Mchungaji ameniita kando. Nitaendelea na huduma chini ya Nafula. Kazi yangu ni kupiga hodi na kuwaamkia watu. Biblia niifunge hadi Pasaka. Nimekubali kwa unyenyekevu, na nimeandika rufaa ya kurasa tatu.

Nimekaa kutafakari nilipokosea. Nimekuwa mkweli na nafsi yangu. Nilisoma sura ndefu mno. Ningekomea aya ya sitini.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeona njia. Nafula ndiye mwenye uamuzi sasa, kwa hiyo Nafula ndiye mlango. Nikimpata kwa aya inayomfaa, atanirudishia Biblia kabla ya Pasaka. Lakini simfahamu vya kutosha. Nimekwenda kwa Maimuna, ambaye husukwa na Nafula kila mwezi. Nimeuliza kila kitu kwa utaratibu: watu wake ni akina nani, anapenda nini, nani humtembelea, asubuhi huamka vipi.

Maimuna aliniangalia, kisha akauliza kama ni jambo la heri tena. Nikamwambia ndiyo, la heri kabisa, na safari hii nina hakika. Ila libaki baina yetu.

Jioni hii nimepigiwa simu na mama nisiyemjua. Ni shangazi yake Nafula, anakaa Matuga. Amezungumza kwa upole sana. Ameuliza nitakwenda siku gani, na watu wangapi, na kama nakula kuku wa kienyeji. Sijui namba yangu ameipata wapi. Ninachojua ni kwamba katika miaka sita, hii ndiyo nyumba ya kwanza kunialika kabla sijapiga hodi. Nimeshamwambia Jumamosi, watu watano.

Sasa natafuta aya.