Makwapa Yenye Jina Langu

Jumatatu, 11 Agosti

Shusha mkono huo, wewe msichana! Huna haya? Ndivyo nilivyompokea mjukuu wangu Lia alipoteremka kwenye basi la Athene akinipungia. Uwanja mzima umeona. Msitu! Kwapa la kulia msitu, la kushoto msitu. Na jina lake kamili ni langu, Garifalia. Miaka arobaini nimewang'oa nywele maharusi wote wa kijiji hiki kwa sukari yangu ya kunata, leo jirani Despina ananiuliza eti siku hizi nafuga mbuzi? Ijumaa ni sikukuu ya Mama wa Mungu. Lia ataongoza ngoma, mikono juu, gauni halina mikono. Zing'oke kabla ya hapo, la sivyo uso wangu nitauweka wapi?

Nimemwambia. Kasema mwili ni wake. Kwao anayetaka hunyoa, asiyetaka haulizwi. Halafu kaniuliza mbona marehemu babu alikuwa na mgongo kama zulia na sikumpikia sukari. Mjinga! Babu aliongoza ngoma lini?

Jumanne, 12 Agosti

Nimepika. Sukari, limau, maji, mpaka rangi ya asali. Shule sikumaliza, lakini sufuria naisoma. Hila: alale mchana, nimbandike, nivute, yaishe. Nikanyata. Nikabandika. Akageuka! Sukari ikanasa shuka, mkono wangu na paka. Lia kanibandua huku akilia kwa kicheko. Mkono wangu sasa laini kama yai. Kwa hiyo sukari haina kosa. Iliyobaki nimeitia kwenye chupa, kabatini, kando ya chupa ya zabibu.

Jumatano, 13 Agosti

Hila bora zaidi. Nimemwalika Despina na mjukuu wake Kalliroi, msichana nadhifu, ili Lia amwone mwenzake aone aibu. Mgeni hapati maneno kabla ya utamu: kijiko cha zabibu zilizopikwa kwa sukari, na maji baridi. Nikachota huku najisifu. Miwani sikuvaa, miwani ni ya wazee. Despina akatia kijiko kizima mdomoni. Akatafuna, akatafuna. Nikadhani utamu umemzidi. Akavuta kijiko, kikaja na meno ya juu, yale ya bandia!

Chupa ilikuwa ile nyingine, ya jana.

Kalliroi akacheka mpaka akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mama wa Mungu! Msitu! Tangu Pasaka, kasema, ila bibi yake alikuwa hajui. Despina alitaka kufoka. Afoke na nini?

Ijumaa, 15 Agosti

Lia na Kalliroi wameongoza ngoma, mikono juu, upepo ukipita humo. Hakuna aliyezimia. Kasisi, mwenye ndevu mpaka kitovuni, kapiga makofi. Makwapa hakuna aliyeyataja. Kijiji kizima kinazungumzia meno ya Despina. Ushindi wangu, na niliupanga.

Jumamosi, 16 Agosti

Lia kanibusu. Kasema bibi, umeona, nywele hazikuua mtu. Nimekubali. Kila mtu na mwili wake. Nimeridhika kabisa.

Ila Despina kaja asubuhi kudai aombwe radhi, na jua likampiga kidevuni. Nywele tatu, nene kama waya! Atatutia aibu kijiji kizima. Na mchana husinzia barazani kwake, mdomo wazi.

Lia, najua unalisoma daftari hili. Basi lako ni la jioni. Nenda dukani sasa hivi, lete malimau sita, kisha uje umshike miguu.