Mizunguko Mitano ya Mwenyekiti

(Isomwe na binti yangu Wamucii, polepole, bila kulia kabla ya mahali pa kulia.)

Baba Askofu, Bwana Chifu, ndugu yangu Kiragu, Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi, wanachama wa klabu ya magari na jaketi zenu za rangi, majirani wa Kileleshwa, jamaa wa mtaa wa Satellite mliofika kabla ya chakula, na wewe Hannah, mke wangu, uliyeketi kiti cha mbele: itifaki yote ikiwa imezingatiwa, nasimama mbele yenu, kwa maana ya kulala, kutangaza rasmi jambo nililoficha tangu ile track day, siku ya klabu ya kukimbiza magari uwanjani, ya mwaka 2005. Nimechagua litangazwe leo, mwaka wowote leo itakapokuwa, kwa sababu ni siku pekee ambayo siwezi kuulizwa maswali. (Minong'ono. Wamucii angoje.)

Naandika nikiwa wodini Upper Hill. Jana Kiragu alikuja kunisomea wasifu wangu: “Marehemu alikuwa dereva hodari wa magari ya mbio.”

“Kiragu,” nikamwambia, “bado sijawa marehemu.”

“Tunajipanga mapema, mkubwa.”

Nilitaka kumwambia afute neno “dereva”, lakini pumzi ikaniishia, na aibu ikabaki. Ndiyo maana ya hotuba hii.

Mtakumbuka kwamba, nikiwa na umri wa miaka sabini na moja, serikali katika hekima yake iliniteua kuongoza Kamati ya Kuhimiza Michezo ya Magari, uteuzi nilioupokea kwa unyenyekevu na picha kumi na mbili. Na kwamba, kwa kushirikiana na wadau, yaani stakeholders wote, nilizindua Mpango wa Mafunzo ya Mwenyekiti Dereva, mpango wa capacity building, yaani kujenga uwezo, ambao, kwa mujibu wa takwimu nilizozitunga mwenyewe njiani, ulifikia malengo yake kwa asilimia tisini na saba. (Makofi. Wasipopiga, Wamucii arudie “tisini na saba”.) Kabla ya hapo, kwa sababu za kihadhi, nilikaa kiti cha nyuma cha Peugeot yetu miaka thelathini, nikimwelekeza Hannah, ambaye alikuwa ameamka alfajiri kupeleka kabichi sokoni kwa gari hilo hilo, namna ya kubadilisha gia.

Siku yenyewe, pale uwanjani kando ya Ngong Road, ratiba ilisema nipelekwe kwanza kama abiria, kisha niendeshe mwenyewe mizunguko mitano. Dereva wa klabu, Sammy Were, alinifunga mikanda ndani ya Subaru ya mashindano mpaka nikapumua kwa mafungu.

“Mzee, tumbo likija kooni, ni kawaida.”

Kona ya kwanza lilikuja. Kona ya pili likataka kuendelea.

“Sammy, punguza! Nina wajukuu!”

“Mzee, hii bado ni gia ya pili.”

Tuliposimama, nilitembea kwa heshima kubwa hadi chooni, nikajifungia. Nje kipaza sauti kilikuwa kikitaja vyeo vyangu. Hannah akagonga.

“Baba Wamucii, umekufa?”

“Bado.”

“Basi fungua mlango.”

Nikafungua.

Yaliyofuata mliyaona wenyewe. Alitoka mtu wa ovaroli nyekundu na helmeti, mwenye mwili kama wangu, maana miaka arobaini ya kula sufuria moja huwafanya watu wafanane. Alilichukua gari lile kwenye kona kama anakata mkate. Kiragu alipanda juu ya kreti za soda akipiga kelele, “Huyo ni wetu! Huyo ni damu yetu!” Mzunguko wa tano ulipoisha, mtu huyo alipita moja kwa moja hadi chooni, nami nikatoka na ovaroli ile ile, nimeikumbatia helmeti, nikitokwa na jasho la kweli kabisa, nikapokea kombe na kuhutubu dakika arobaini kuhusu ujasiri. (Vicheko. Sammy asiangalie chini. Alikuwa amekaa kando ya usukani na alinihifadhia siri kiungwana.)

Kila mwaka klabu ilinialika nirudi kuendesha. Kila mwaka nilijibu kwamba nina majukumu ya kitaifa. Na kila nilipokataa, kuna mtu aliyeosha vyombo jikoni kwa kelele nyingi mno.

Kanyaga, Kileleshwa! (Kanyaga!) Kanyaga, Satellite! (Kanyaga!) Maendeleo hayana breki! (Vifijo.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wote mliounga mkono Mpango wa Mafunzo ya Mwenyekiti Dereva, mpango ambao haukuwahi kuwa na mwalimu, wala darasa, wala mwanafunzi, kwa kuwa mimi, Ephantus, sijawahi kuendesha gari lolote maishani mwangu. Kiragu, futa mstari ule. Mliyemshangilia siku ile ni Hannah.