Kilo Tano za Kocha

Jumatatu, 9 Juni

Jana nimedhalilishwa angani. Ardhini nimeshazoea.

Tuliruka wanne kutoka kwenye kile kindege chetu cha propela moja: Kocha, Muuza Matairi, Msusi na mimi. Kazi ilikuwa nyepesi. Tuanguke kifudifudi, tusogeleane, tushikane mikono tufanye duara, kisha tuachane na kila mtu afungue mwavuli wake. Wenzangu wakashikana. Mimi nikabaki juu yao nikipeperuka kama mfuko wa nailoni, nikitazama visogo. Nilipunga mikono. Nilipiga mateke. Duara likazidi kwenda chini, nami nikazidi kuwa mgeni asiyealikwa.

Kwenye banda la klabu yetu Kocha akaniambia kwa upole kwamba sina kosa, ni wembamba tu. Mtu mwepesi huanguka polepole. Dawa yake ni mkanda wa uzito, ule wenye vifuko vya vipande vya madini ya risasi, unaofungwa kiunoni. Kwangu mimi, kilo tano.

Nikamuuliza tangu lini watu wembamba wakatozwa kodi ya kuanguka. Nikahutubia. Nilisema sayansi ilishathibitisha kwamba vitu vyote huanguka sawasawa, vizito kwa vyepesi. Nilisema huu ni ubaguzi wa miili, na kwamba mimi, mwalimu wa historia, najua dhuluma inavyoanza: huanza na kamkanda kadogo. Muuza Matairi akasinzia. Daktari wa Meno, ambaye ni mwembamba kama mimi, anafunga mkanda wake bila ubishi na anaitamani nafasi yangu, akauliza kwa ile sauti yake ya kliniki kama nimewahi kudondosha unyoya.

Jibu nilikuwa nalo. Nilimdharau tu.

Jumapili kuna mashindano ya vilabu vidogo, na uwanja ni wetu. Nafasi ya nne ni yangu au ya Daktari. Kocha ataamua Jumamosi baada ya kutujaribu wote wawili. Kuna tatizo dogo. Mke wangu nilishamwambia kwamba nimeteuliwa, naye akamwambia mama yake. Mama mkwe, ambaye tangu siku ya harusi anajiuliza binti yake aliniona nini, anakuja kunitazama. Ameshaazima kofia.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia ya heshima. Nitanenepa.

Viazi asubuhi. Viazi mchana, na maharage juu yake. Jioni mke wangu akakaa akinitazama, kisha akaniuliza, baba watoto, leo umegombana na nani, maana unakula kwa hasira. Nikamwambia ni maandalizi ya kiufundi. Akasema basi fundi aoshe sahani zake.

Nilipitia kwa nesi wa shule nikapime. Nimeongezeka kilo nzima! Nesi akaomba nivue viatu. Nikavua. Akaomba nitoe na funguo za darasa, za stoo na za maktaba. Nikatoa. Nimepungua.

Nimemwandikia Mwalimu Mkuu kulalamikia mizani ile.

Alhamisi, 12 Juni

Tumbo limenipa likizo ya lazima jana kutwa. Njia ya viazi nimeiweka kando kwa muda.

Leo Msusi kanitobolea siri: mavazi yana kauli. Ovaroli pana hushika upepo na kumchelewesha mtu. Ovaroli ya kubana humshusha haraka. Kumbe! Kwa nini nifunge risasi kama mfungwa wakati ninaweza kuvaa vizuri?

Nikaenda kwa Mstaafu, mrukaji wa zamani anayeuza vifaa vilivyotumika kwenye gereji yake. Ana kofia ngumu zimepangwa kama mafenesi, saa za kimo, zile za kumwonyesha mrukaji yuko juu kiasi gani, zenye vioo vilivyokwaruzika, mabegi ya miavuli ya kila umri. Akanishauri kama baba. Akasema mtu wa mwili wangu achukue ovaroli ya wastani pamoja na mkanda, basi, asijisumbue. Nikamwambia sikuja kununua ushauri. Nikachagua iliyobana kuliko zote, ya njano. Akasita. Akasema, kaka, hiyo ilikuwa ya mke wangu, na enzi hizo hatujaoana. Nikamjibu kwamba nguo haina jinsia. Akasema ni kweli, ila ina vipimo.

Zipu imefungwa na mke wangu akisaidiwa na shemeji yangu, fundi cherehani, mmoja akivuta na mwingine akisukuma. Kwenye kioo niliona ndizi yenye masharubu. Kukaa siwezi. Lakini angani nani anakaa?

Jumamosi, 14 Juni

Kwenye ndege watu hukaa.

Tumekaa sakafuni, tumepakatana kama vijiko kwenye droo, magoti kifuani. Nilisikia kitu kikilia krrr mgongoni. Nikajipa moyo kwamba ni injini. Msusi, aliyekuwa nyuma yangu, akageuza uso akatazama dirishani kwa adabu.

Tukaruka. Upepo ukaingia kwa ule mpasuko, ukakaribishwa ndani, ukakaa. Ovaroli ikavimba kuanzia makalioni hadi shingoni. Sikuanguka, nilielea. Safari hii hata visogo sikuviona, niliona vidoa. Nilipotua, wenzangu walishakunja miavuli na Muuza Matairi alishakunywa chai. Akaniuliza kama huko nilikokuwa mvua imenyesha.

Daktari akaruka na mkanda wake, akashika mikono ya watu kama anayesalimia msibani. Nafasi kapewa yeye. Kocha akanipigapiga begani. Afadhali angenipiga kweli.

Sasa kesho mama mkwe akae juani na kofia ya kuazima, amtazame mtu wa meno?

Nikiwa narudi nyumbani nikamkumbuka Makamu wetu wa shule. Shavu limemvimba tangu mwezi uliopita na anaogopa kiti cha daktari kuliko anavyoogopa wakaguzi. Nikapita kwake kumjulia hali, kama ndugu. Nikamweleza kwamba historia imejaa watawala walioangushwa na jino. Nikamweleza kwamba usaha wa jino hauna subira, leo uko shavuni, keshokutwa uko moyoni. Makamu akatoka jasho. Nikamtajia daktari mmoja mtu wa huruma sana, asiyeweza kumkatalia mgonjwa hata siku ya Jumapili. Akampigia simu mbele yangu.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa shavu zima, namshika mkono.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi simu ya Kocha. Daktari kapata dharura, kuna mtu analia kwenye kiti chake na jino limegoma kutoka. Je, naweza kuja? Nilikuwa tayari langoni.

Sharti lake ni moja: kilo tano, bila hotuba. Nikakubali kwa moyo wa kizalendo. Shemeji alikuwa ameshaiziba ovaroli kwa kipande kikubwa cha pazia lenye maua, na sasa ina nafasi ya kutosha. Na kwenye msumari ukutani uling'inia mkanda wa Daktari, peke yake, hauna kazi.

Nikapiga hesabu. Ikiwa kilo tano zinanifanya niwe sawa na wengine, kilo kumi zitanifanya nini? Wa Kocha nikaufunga juu, waziwazi, akaukagua akaridhika. Wa Daktari nikaufunga ndani, chini ya maua. Kwenye ndege Muuza Matairi akaniambia siku hizi nimekuwa na afya.

Tukaruka. Nikatazama kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna. Nikainua shingo. Vidoa vitatu, juu kabisa, vinanipungia. Kocha alijikunja kama mkuki akijaribu kunifikia, akashindwa. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanatazama kisogo changu wao. Nisiseme uongo, nilifurahi kidogo.

Saa ya kimo ilipofika kwenye alama ya kufungulia, nikafungua mwavuli. Uliguna. Ulinileta chini kama unaniwahisha hospitali. Nikafikia makalio, nikaburuzwa nyasini nikapita meza ya waamuzi, pazia likachanika, mkanda wa ndani ukapasuka, na vipande vya risasi vikabingirika hadi miguuni pa mama mkwe.

Akaviruka. Akanitazama, akatazama juu ambako wenzangu walikuwa bado wananing'inia mawinguni. Akauliza, "Mwanangu, na wale wengine? Umewaacha mbali hivyo?"

Huu ndio uliokuwa wakati wa kusema ukweli. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema, ndiyo, mama.

Akapiga makofi. Akamwambia binti yake, nikisikia kwa masikio yangu, kwamba pengine hakukosea sana.

Kocha alipotua alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja. Kisha akanieleza mbali na mama mkwe, na hilo namshukuru: duara la watu watatu halina alama, tumekuwa wa mwisho, na kwamba mtu anayeficha uzito siku moja atamwangukia mwenzake mgongoni. Kwenye timu nimetoka. Nitafagia banda hadi msimu uishe.

Jumatano, 18 Juni

Makamu kaingia ofisi ya walimu akicheka, shavu limenywea. Anamsifu Daktari kupita kiasi. Amemtajia nani alimtuma, na Daktari kamwambia anisalimie. Salamu tu. Mtu mwenye kinyongo kilichoje! Tena kamwalika Makamu klabuni. Kocha kamwona, kampima kwa macho kuanzia tumbo kwenda chini, kasema huyu akimaliza mafunzo hatahitaji mkanda wowote.

Mama mkwe kapiga simu kuuliza narudi lini uwanjani. Kikundi chake cha akina mama kizima kinataka kuja. Nimemwambia tarehe itatangazwa, na kwamba ninafikiriwa kuwa nahodha.

Leo, nikiwa nimeegemea ufagio, nimelitafakari suala hili kwa utulivu, bila jazba, nitafute kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Sikuanguka haraka mimi. Walichelewa wao. Nimemwandikia Kocha pendekezo: kuanzia msimu ujao kila mwanachama afunge kilo kumi, na Muuza Matairi, kwa kuwa ana misuli, kumi na tano.

Mimi mwenyewe sitafunga. Msimamo wangu kuhusu mikanda unajulikana.