Inchi Thelathini na Tano

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi mama mkwe anahamia nyumba mpya, kule juu kilimani. Kabati lake kubwa la mbao litapanda na gari langu au la mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Miaka tisa mama mkwe ananiita "yule mwingine". Safari hii atanitambua! Nimeamua: matairi makubwa.

Jumatano, 5 Machi
Kwa fundi. Nikataka inchi thelathini na tano. Akasema gari langu mwisho wake thelathini na moja. Zaidi ya hapo nibadili meno ya difu, ile gia inayozungusha magurudumu, na niweke ekseli nene, la sivyo kitu kitakatika. "Tairi likikua, na difu ikue," akasema, kwa upole wa kumwambia mgonjwa. Nikamjibu kazi yake ni kufunga, si kuhubiri. Matairi ya zamani nimempa mwanyumba kwa huruma. Akayapokea kwa mikono miwili. Maskini!

Ijumaa, 7 Machi
Yamefungwa. Yanapendeza mno! Kasoro moja: nilipima gari likiwa limesimama, usukani umenyooka. Kona ya kwanza tu, tairi likauma bodi. Nikakata bodi kwa msumeno wa chuma. Nilipohamia upande wa pili, mke wangu akaninyang'anya msumeno. Kwa hiyo sasa gari linakunja kulia tu. Kwenda dukani nimezunguka mtaa mzima. Halafu limekuwa zito kuondoka, linakohoa. Mke wangu akauliza kama hilo ndilo litakalobeba kabati la mama yake. Barabara ya kilimani inapinda kulia, nimeshaikagua.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Kabati nyuma, mama mkwe kiti cha mbele. Asubuhi aliniita "mwanangu", nikajisikia mtu. Katikati ya mlima, kishindo. Ekseli ya nyuma, vipande viwili! Matairi mazima kabisa, yanang'aa.

Akaja mwanyumba polepole na gari lake, amepakia masufuria ya mama mkwe, akafunga kamba, akatuvuta hadi juu. Njia nzima nilikodolea macho matairi yake. Nayajua yale. Moja nililiziba mwenyewe mwaka juzi.

Mama mkwe hakugomba. Alishuka, akakung'uta gauni, akasema, "Baba, siku nyingine wewe beba mito tu." Bora angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi ameweka ekseli mpya, ileile nyembamba. Akauliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa sana: ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Akashauri nirudishe matairi ya zamani. Nikampigia mwanyumba. Akasema kwa heshima zote kwamba hayatoi, yanamfaa. Mchoyo!

Bado jokofu la mama mkwe liko nyumba ya zamani. Litahamishwa Jumapili. Kuna mtu anauza inchi thelathini na saba, nimeshamwambia asimpe mwingine. Msumeno nimeupata. Uko chini ya godoro, upande wangu.