Sukari ya Natalia Ichunguzwe Kabla ya Macho Yake

Vidunda, Wilaya ya Kilosa
Agosti, 1976

Ndugu Katibu Kata,

Pokea salamu za ujenzi wa Taifa kutoka kwangu, Melkizedek, balozi wa nyumba kumi za huku juu. Naandika kwa uchungu na kwa adabu zote kupinga shemeji yangu Natalia, mke wa mdogo wangu Stefano, kupewa nafasi kwenye lori la kijiji litakaloondoka Kidodi Jumamosi kwenda Mikumi kwa daktari wa macho. Daktari huyo akishaondoka harudi mpaka mwakani, na mganga wa zahanati anasema jicho moja la Natalia limeshazimika na la pili halitafika mwakani. Waganga hupenda kutisha watu. Sababu zangu ni hizi:

1. Natalia anaumwa ugonjwa wa sukari. Ndugu Katibu, sukari ipi? Duka letu la ushirika halijaiona tangu mavuno. Mimi balozi nakunywa uji wa chumvi, yeye raia wa kawaida sukari imemjaa mpaka machoni! Nilikwenda kumpekua. Nilifunua mitungi, nikainua kitanda, nikakuta ndizi mbichi na vidonge vya zahanati. Sikuona hata chembe, jambo linaloonyesha jinsi alivyo hodari wa kuficha.

2. Matibabu ni bure, tulitangaziwa na tukapiga makofi. Lakini lori linakunywa dizeli, na huko Mikumi atakula na kulala, sasa anataka kijiji kimchangie. Tukitengeneza macho ya mmoja, wengine wote watakumbuka kuwa nao wana macho. Sisi tunajenga usawa. Kwa kuwa hatuwezi kuwafanya wote waone vizuri, usawa tunaoumudu ni wa upande ule mwingine.

3. Stefano ni mwanamume mwenye heshima zake. Amesikia kwamba daktari humshika mgonjwa kidevu, akamsogelea mpaka pumzi zikutane, akamchungulia ndani ya jicho kwa tochi. Yeye mwenyewe tangu amwoe hajamwangalia mkewe hivyo. Mama yetu naye anauliza nani atapika. Ni kweli ugali wa Natalia siku hizi una mabonge, na juzi aliungua mkono akiitafuta sufuria iliyokuwa mbele yake. Lakini ugali wenye mabonge ni ugali.

4. Majirani walianza kunong'ona kuwa amerogwa. Kama kiongozi wa Chama nilikataza ushirikina huo palepale, nikawaeleza kisayansi kwamba ni ubepari. Sasa watoto wanamwita Mama Bepari na yeye hatoki tena nje. Mtu asiyetoka nje anataka kuona nini?

Kwa hiyo napendekeza asipelekwe Mikumi, apelekwe Ruaha kwenye kiwanda cha miwa, wataalamu wamkamue. Sukari itakayopatikana igawiwe kwa haki nyumba zote, kuanzia ya balozi.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa kamati, na dereva wa lori, ambaye namheshimu sana.

Wako katika kazi ya kijiji,
Melkizedek

Nyongeza: Ndugu Katibu, samahani kwa mistari kupandana. Tangu masika kila karatasi ina ukungu, na kiu hainiishi hata nimalize mtungi. Tena sisimizi wamehamia nyuma ya nyumba yangu, pale ninapokwenda haja ndogo. Nilimwita Natalia nimfokee, nikidhani ndipo anapomwaga sukari yake. Akainama, akawatazama kwa karibu sana, akaniambia kwa upole kwamba kwake pia walianza hivyo. Naogopa, Ndugu Katibu. Tafadhali niwekee nafasi Jumamosi. Weka mbili. Njia ya kuteremkia Kidodi siioni vizuri, na Natalia, kwa lile jicho lake lililobaki, amekubali kunishika mkono.